Kilio Changu Wakakifanya Kibwagizo

Nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto, nalima karoti na kabichi huku Shume, juu kabisa kwenye milima ya Usambara. Naandika haya nikiwa na hasira, wasomaji wenzangu, wala sitawadanganya kwamba zimekwisha. Hazijaisha! Anayetaka mkasa wa mtu aliyekwisha kusamehe na kusahau, afunue ukurasa mwingine.

Niiteni Mama Upendo. Ndilo jina langu shambani, sokoni na kanisani, na ndilo lililopakwa matope.

Tangu nikiwa binti nimeimba kwaya. Sauti yangu si ya ajabu, wako wengi wanaonizidi. Ila nilijaliwa kitu kimoja… nyimbo zilinijia. Sijui nota, sijasomea muziki, hata darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Lakini nikiwa njiani na mzigo kichwani, maneno na sauti yake vinakuja pamoja, vimeshikana, mimi kazi yangu ni kuvipokea tu.

Tatizo lilikuwa kilima. Nyumba yetu na mashamba yetu yako bondeni, barabara iko juu. Kila karoti utakayoiuza lazima ipande kilima kile ikiwa kichwani kwako. Wimbo unanijia katikati ya mteremko, pumzi imenibana, shingo inauma. Nikifika juu, lori la fuso linanguruma, madalali wanapiga kelele, huyu anavuta gunia, yule anadai karoti zangu ni ndogo… na wimbo umeruka! Umekwenda! Nimepoteza nyimbo nyingi kwenye kilima kile kuliko nilizowahi kuimba kanisani.

Ndiyo maana nikataka kimashine cha nyimbo, kile ambacho wengine wanakiita emupithrii. Mume wangu, Baba Upendo, alicheka sana. Akasema simu ya kitochi ninayo, redio ipo ukutani, nataka nini tena, niwe disko linalotembea? Kitochi changu hata salio kinasoma kwa shida, kitarekodi nini?

Nilikwenda Lushoto mjini siku ya gulio. Muuzaji akanisukumia kimoja cha kung'aa, kioo kikubwa, ukikigusa picha zinaruka. Nikamuuliza kama kinarekodi. Akanitazama miguuni, viatu vyangu vya shamba, akauliza, "Mama, wewe unataka kurekodi nini?" Nikamwambia yasiyomhusu!

Nilichagua mwenyewe, na najivunia mpaka leo nilivyochagua. Nilikataa cha kioo, kwa sababu huku kwetu asubuhi vidole vinakufa baridi na vina udongo, kioo hakivisikii. Nikachukua cha vitufe. Nikataka chenye kitufe cha kurekodi kilicho pembeni, ambacho kidole gumba kinakifikia bila mimi kutazama. Nikataka kinachotumia memori kadi ya kuchomoa na betri ya kuchomoa, ili kimoja kikifa kisiue na kingine. Tena sikutoa hela mpaka niliporekodi kelele za gulio, nikajisikiliza mwenyewe nikisema "moja, mbili, moja, mbili" katikati ya wauza mitumba. Sauti ilitoka safi.

Na nilikitunza! Ukungu wa Shume unaingia kila mahali, hata kwenye saa ya ukutani unaingia. Kwa hiyo nilikishonea mfuko wa kitambaa, nikauweka ndani ya nailoni, nikauning'iniza shingoni chini ya kanga. Nyumbani kilikaa kwenye kopo lenye mchele mkavu, mchele unanyonya unyevu. Tundu la chaji nilisafisha kwa mswaki mkuukuu, mkavu. Sikukiacha kwenye chaji hadi betri ivimbe kama wanavyofanya wengine. Watoto hawakuruhusiwa kukigusa. Baba Upendo alikuwa anasema nakitunza kuliko yeye, na sikubisha.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe.

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi kwangu. Wakati wa masika alizidiwa. Gari haiwezi kushuka bondeni, kwa hiyo wanaume wa kijijini walimbeba kwa machela, kama tunavyobebana siku zote. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu cha nguo zake. Tulipofika kwenye kona ya misonobari, mama akawaomba wamshushe kidogo. Tukadhani anaumwa zaidi. Kumbe alitaka kutazama. Akageuza kichwa, akaangalia bonde lote… mashamba, matuta, moshi wa majiko. Akasema, "Kilima hiki nimekipanda mimi, leo kinanipanda." Wakamwinua. Barabarani hatukufika naye akiwa hai.

Siku moja, msiba umekwisha, watu wameondoka, nilikuwa napandisha karoti peke yangu. Wimbo ukanijia ukiwa mzima, mwanzo hadi mwisho. Nikabonyeza kitufe, nikaimba huku napanda. Unaanza, "Kilima hiki, ee Bwana, mama alikipanda." Nilipofika kwenye ile kona ya misonobari, niliimba "kilima hiki"… pumzi ikakatika. Nikalia. Kilikuwa kilio kifupi cha kwikwi, kwikwi mbili na pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini. Kisha nikarudia "kilima hiki", nikaendelea hadi mwisho.

Sikufuta. Kilikuwa changu na mama, kwa nini nifute?

Kwaya yetu nikaifundisha wimbo ule kwa mdomo. Lakini pale kwenye kona niliwanyooshea mstari. Sikuwafundisha kilio wala kurudia. Naomba mlishike hilo, wasomaji, kwa maana ndilo lililoniangamiza.

Mwalimu wetu wa kwaya, mtu mzima mwenye busara zake, aliusikia akavua miwani. Akasema huu ndio tutakwenda nao kwenye tamasha la kwaya Lushoto. Wimbo wa tamasha huku kwetu haufanyiwi mchezo! Unafanyiwa mazoezi milango imefungwa, madirisha yamefungwa, jasho linatutoka. Hata mumeo humwimbii. Kwaya ikitanguliwa na wengine kuimba wimbo wake, imekufa, waamuzi hawana habari na machozi yenu. Mwalimu akaongeza kwamba sauti ya kuongoza nitatoa mimi mwenyewe, kwa kuwa wimbo ni wangu.

Hapo ndipo nilipompoteza Hilda, na sikujua.

Hilda, Mama Jofrey, alikuwa rafiki yangu. Sisemi rafiki wa kusalimiana njiani. Huyu alilala kwangu matanga yote ya mama. Aliosha sufuria, aliwapokea wageni, alinilazimisha kula. Kwenye kwaya tulisimama bega kwa bega. Kabla ya wimbo ule, sauti ya kuongoza siku zote ilikuwa yake. Mwalimu alipotangaza, alinikumbatia kuliko wote, akapiga na vigelegele. Nilidhani ni furaha… mjinga mimi!

Nyumba yao iko barabarani, kwenye umeme. Nguzo hazijashuka bondeni kwetu. Mume wake ana kibanda, anachajisha simu za watu na ana kompyuta ya kuwaingizia nyimbo kwenye kadi. Wote tunachajisha pale. Na wote tuna desturi moja: kabla ya kuacha simu kwenye chaji unachomoa laini yako na kadi yako, unafunga kwenye pindo la kanga, unaondoka nayo. Hakuna anayefundishwa. Ni kama kufunga mlango ukitoka.

Siku ya kwanza nilipopeleka kimashine changu baada ya msiba, nikaanza kuchomoa kadi. Hilda alikuwa kaunta. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Hee! Mama Upendo… na mimi unanitolea kadi? Mimi?"

Niliona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Watu walikuwepo, walinitazama. Kumchomolea kadi mtu aliyenioshea sufuria za msiba wa mama yangu! Ningeonekana namwita mwizi hadharani. Nikairudisha kadi ndani, tena nikacheka, nikasema ni mazoea tu ya mikono. Toka siku ile nikawa naacha kimashine na kadi yake, na wimbo wake, na kilio chake.

Tamasha lilipokaribia, nilikwenda kukichukua akaniambia kwa huruma kabisa, "Pole, kadi yako iliingiwa na virusi, nimekusafishia." Nikakiwasha. Hakina kitu. Wimbo wa mama hakuna! Niliumia, lakini mnafikiri nilimwambia nini? Nilimwambia asante! Nilimshukuru mtu aliyenifutia mama yangu, nikamwachia na karoti za mboga.

Nikajifariji kwamba wimbo uko kichwani mwangu na vinywani mwa kwaya nzima.

Siku ya tamasha tulishuka Lushoto na sare mpya za kijani. Zikapigwa kura za zamu ya kuimba. Kwaya ya ng'ambo ya pili ya msitu ikapata nafasi kabla yetu. Mwalimu wa kwaya hiyo ni kaka yake Hilda, tumbo moja. Hilo nililijua, lakini wangapi hawana ndugu kwenye kwaya nyingine? Tukakaa, tukakunja mikono, tukasikiliza.

"Kilima hiki, ee Bwana, mama alikipanda…"

Nilidhani naota. Mwalimu wetu aligeuka akanitazama. Kwaya nzima iligeuka ikanitazama. Mimi nilikuwa natazama jukwaani, kwa sababu walikuwa wanakaribia kwenye kona. Wakafika. Wakaimba "kilima hiki"… wakanyamaza. Kisha wote kwa pamoja, wanawake na wanaume, wakainua mabega mara mbili na kuyashusha, hik! hik! Wakavuta pumzi ndefu moja, wakazungusha mkono wa kulia, wakarudia "kilima hiki".

Kwikwi zangu! Kilio changu cha kumlilia mama, kwenye kona aliyoshushwa machela, wamekifanyia mazoezi! Wamekihesabia miguu! Wamekishonea mtindo wa mabega! Na watu wakapiga makofi. Wakasimama wakapiga makofi… nani hapigi makofi akiona kitu kizuri kile? Waamuzi walikuwa wanatikisa vichwa kwa raha.

Sijawahi kupigwa hadharani, lakini siku ile nilijua anavyojisikia mtu akipigwa.

Mwalimu alibadilisha wimbo papo hapo. Tukapanda na wimbo wa zamani tuliokuwa tumeuacha, wengine wamesahau maneno, sauti ya tatu wamepotea kabisa. Tulikuwa wa mwisho. Kwaya ya ng'ambo ikabeba kombe.

Njiani kurudi nyumbani hakuna aliyezungumza nami. Hilda alikuwa amekaa mbele, anafuta macho kwa leso. Ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kusikitika, "Mimi sitaki kuhukumu. Ila wimbo alikuwa nao mtu mmoja."

Kamati ya kwaya iliniita. Nikaenda nikiwa na uhakika, kwa sababu hoja nilikuwa nayo. Nikawaambia, sikilizeni, ninyi wote niliwafundisha mstari umenyooka, ni kweli si kweli? Wakasema kweli. Pale jukwaani wameimba na kilio, ni kweli si kweli? Kweli. Kilio hicho kilikuwa kwenye rekodi yangu peke yake. Basi wimbo haukutoka mdomoni mwa mtu wa kwaya, umetoka kwenye kadi! Na kadi haikutoka shingoni mwangu ila ilipokuwa kwenye chaji kwa Mama Jofrey!

Nilimaliza nikakaa, nikidhani nimeshinda.

Hilda hakupandisha sauti hata kidogo. Akauliza hiyo rekodi iko wapi, waisikie. Nikasema imefutika. Akauliza kimashine chenyewe ni cha nani. Nikasema changu. Akageukia kamati, akasema, "Basi wenyewe mmesikia. Anasema kilio kilikuwa kwenye rekodi yake peke yake. Nani mwingine angewapa?"

Hoja yangu mwenyewe! Niliichonga, nikainoa, yeye akaichukua akanichinjia!

Nikasimamishwa kwaya. Wakaanza kusema nimewauzia wenzetu wimbo, wengine wakadai wameniona Lushoto nikinong'ona na yule kaka yake Hilda, mtu ambaye sijawahi hata kumwamkia. Mwanangu Upendo aliimbiwa shuleni na wenzake, wanamwinulia mabega, hik, hik. Akarudi nyumbani ananiuliza kama ni kweli.

Lakini kilichonikata maini ni Baba Upendo. Huyu ni mpasuaji mbao, mtu wa maneno machache. Jioni moja tukila, akaweka tonge chini, akasema taratibu, "Mama Upendo, mimi ni mumeo. Niambie tu ukweli, walikupa nini?" Nilinyanyuka nikaenda nje. Mume niliyezaa naye, aliyebeba machela ya mama yangu kwa bega lake… na yeye ananiuliza walinipa nini!

Nilikaa hivyo muda mrefu. Jumapili nilisali benchi la nyuma, karibu na mlango. Kimashine nilikiweka kwenye kopo la mchele, nikafunga kifuniko, sikutaka kukiona. Kilimani nilipanda kimya. Nyimbo zilikuja, nikaziacha zipite.

Siku iliyofumua kila kitu ilikuwa siku ya kupakia. Tulikuwa wengi pale juu barabarani, wanawake na magunia yetu, na nusu ya kwaya ilikuwepo maana nusu ya kwaya ndio wakulima. Mwalimu wetu alikuwepo na kabichi zake. Hilda alikuwa mlangoni pa kibanda chao, anachambua maharage. Dereva wa fuso, mtu wa tambarare asiyemjua yeyote kati yetu, alikuwa amefungulia muziki kwa sauti ya kutikisa milango, jinsi wanavyopenda.

Wimbo mmoja ukaisha. Ikaja sauti ya miguu ya mtu anatembea kwenye changarawe… mtu anahema. Kisha mtu huyo akasalimiwa kwa mbali, akajibu huku anahema, "Onga mshi!" Wote tuligeuka. Sauti ya mtu wa kwetu, kwa lugha ya kwetu, inatoka kwenye fuso la mgeni.

Ilikuwa sauti yangu.

"Kilima hiki, ee Bwana, mama alikipanda…"

Hakuna aliyenyanyua gunia. Wimbo ukapanda kilima pamoja nami, wakasikia pumzi inavyopungua, wakasikia karoti zinavyosuguana kwenye kikapu. Kona ikafika. "Kilima hiki"… halafu nikalia. Nililia pale kwenye spika za fuso, mbele ya watu wote. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami alishika kichwa. Nadhani kwa mara ya kwanza walielewa wale watu wa jukwaani walikuwa wanacheza nini.

Dereva akataka kuruka wimbo ule, akasema sijui huyu analia nini. Mwalimu akapiga kelele aache! Akamwendea, akamuuliza kautoa wapi. Dereva akashangaa, akanyoosha kidole kibandani. "Si hapo, kwa Baba Jofrey. Jana kaniingizia folda zima la nyimbo za dini."

Hilda alikuwa amekwisha kusimama, maharage yamemwagika. Lakini mumewe alitoka kabla yake, mikono ina vumbi la kompyuta, hajui kinachoendelea. Mwalimu akamuuliza wimbo ule umefikaje mle. Mtu wa watu akajibu bila hila, tena kwa kujali wateja, "Huu? Si upo kwenye folda la mke wangu, lile alilotengeneza la kumpelekea kaka yake? Kwani una tatizo, niwafutie?"

Niwafutie! Hata leo nikilikumbuka neno hilo sijui nicheke au nipige mtu.

Nilimfuata Hilda mpaka mlangoni pake. Sikumgusa, nashukuru Mungu kwa hilo na nalijutia pia. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini. Nilitegemea atalia, ataanguka miguuni. Wapi! Aliniangalia machoni, akasema, "Wimbo ni wa Mungu, Mama Upendo. Wewe uliokota tu njiani. Na sauti ya kuongoza ilikuwa yangu siku zote."

Mnasikia, wasomaji? Niliokota! Mama yangu alikuwa kitu cha kuokotwa!

Mnadhani basi haki ilitendeka? Kamati iliyoninyanyasa iliketi tena, safari hii ikiwa na haraka. Hakuna aliyesimama akasema tumekosa. Walituambia tupeane mikono, tusameheane, yaishe, kwani ibilisi ndiye aliyepita katikati yetu. Ibilisi! Ibilisi hana kibanda cha kuchajisha simu! Hilda akapewa karipio, akainamisha kichwa kwa adabu, na Jumapili iliyofuata alikuwa mstari wa mbele na sare yake. Kombe liko ng'ambo mpaka leo. Mkono sikumpa, na sitampa kwa kulazimishwa. Wakanong'ona kwamba sasa mimi ndiye mwenye moyo mgumu. Baba Upendo aliniomba radhi, huyo nimempokea, ingawa kuna siku tukila namtazama lile tonge.

Kilichonimaliza kabisa ni ugeni wa Mwalimu. Alikuja nyumbani, ameshuka kilima chote na fimbo yake. Nilimpa shikamoo yake, nikampa kiti, nikampa chai. Nilijua amekuja kuomba msamaha kwa niaba ya wote, na mtu mzima kama yule ningemsamehe kabla hajamaliza kikombe. Akazunguka, akazunguka, habari za mvua, habari za bei ya kabichi. Mwisho akasema kwaya inaomba nirudi, na tamasha lijalo turudi na wimbo wangu, tuwaonyeshe nani mwenye nao. Moyo ukaanza kulainika.

Kisha akaongeza, "Ila na kile kilio kiwepo. Na mabega. Waamuzi walikisifia sana pale mahali."

Nilimwambia hivi, kwa heshima zote, nikiwa nimepiga goti kumwongezea chai: "Mwalimu, nakuheshimu kama baba. Siku ile ulikuwepo barabarani, ulinisikia. Niliyemlilia ni mama yangu. Wimbo huo hamtauimba, si kwa mabega wala bila mabega." Akamaliza chai yake, akaaga. Sijarudi kwaya.

Dereva wa fuso, mtu asiyenijua, ndiye pekee aliyenitendea ubinadamu. Safari iliyofuata alinirudishia wimbo wangu kwenye kadi mpya, akasema yeye kwake ameufuta kwa kuwa hakujua ni msiba wa mtu. Ndiyo hiyo kadi niliyo nayo sasa.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wanawake mnaobeba vitu vyenu vya thamani kwenye vimashine hivi. Nunueni chenye kadi ya kuchomoa, na muichomoe! Chomoa mbele ya rafiki. Chomoa mbele ya shemeji, mbele ya dada yako wa damu, mbele ya mtu aliyekuoshea sufuria za msiba. Akishika kifua na kukuuliza "na mimi pia?", mjibu "na wewe pia", kisha funga kwenye pindo la kanga uondoke. Akinuna, anune. Mimi nilisitiri aibu ya dakika moja pale kaunta, na aibu niliyolipwa nayo mmeisoma yote.

Na ukipoteza kitu, usimshukuru anayekuambia amekusafishia. Muulize kwanza amekisafisha kukipeleka wapi.

Nyimbo zimeanza kunijia tena. Kimashine kimerudi shingoni, mfuko wake nimeushona upya, na napanda kilima nikiimba. Lakini nikikaribia ile kona ya misonobari, kidole gumba kinatafuta kitufe chenyewe bila kuambiwa. Nazima kwanza. Ndipo nalia.